Mlinzi Asiyepiga Hodi

Mistari miwili ilitakiwa iachane. Ndivyo jaribio la kinga linaloheshimika linavyokwenda: mstari wa waliopewa kinga unashuka, wa wasiopewa unabaki juu, na katikati panapatikana uwazi ambao watafiti wanauita matokeo. Lakini mistari ya kijiji cha Mwinuko ilikuwa imeshikana kama maharusi. Ilianza pamoja, ikashuka pamoja, na asubuhi hiyo kwenye ukuta wa zahanati ilikuwa bado inatembea bega kwa bega, haina hata haya.

Daktari Subilaga Mwasanjobe aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Aliolewa Mwinuko, akazalia Mwinuko, na tangu jaribio la Mlinzi lilipoanza yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Kila presha iliyopimwa kwa kikuku cha mkononi ilipita kwake kabla ya kufika kwa wakubwa. Kwa hiyo aibu ya mistari ile aliiona kama yake mwenyewe.

Picha ilibadilika ukutani, akatokea Profesa Rwegoshora, mkuu wa utafiti, akiwa ofisini kwake Dodoma na koti lake la siku zote.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Daktari. Kamati inakutana Ijumaa, na nisikufiche, watalifunga jaribio."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa hilo unaloliona. Waliokunywa Mlinzi presha imeshuka. Waliokunywa maziwa matupu nao imeshuka, tena vilevile. Kinga isiyoyashinda maziwa matupu si kinga, ni maziwa."

"Lakini hakuna anayepooza, Profesa. Upande wowote! Kabla hatujaanza tulikuwa tunapokea wagonjwa wa kiharusi hapa mpaka vitanda vinakwisha. Sasa vitanda wanavilalia paka."

"Mnaishi mlimani. Mnapanda, mnashuka. Mazoezi nayo ni dawa."

"Tulikuwa tunapanda na kushuka tangu zamani," alisema Subilaga, "na tulipooza vizuri tu."

Profesa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Hakuwa mtu mbaya. Aliahidi kwamba akipewa sababu moja yenye mashiko kabla ya Ijumaa ataitetea mbele ya kamati. Kisha ukuta ukarudi kwenye mistari yake.

Mwinuko ni kijiji cha watu waliopanda. Joto lilipowafukuza tambarare, pale mpunga ulipokataa kuchanua na maji ya visima kuwa ya chumvi, walikaa kambini miaka mingi wakila samaki wa kukaushwa na nyama ya makopo, ndipo wakapewa mlima. Walifika wakiwa hai, wakimshukuru Mungu, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea chumvi na mishipa ilikuwa imeshakaza. Watu wa makamo walianguka wakichota maji. Wengine waliamka asubuhi nusu ya mwili imekufa ganzi na mdomo umepinda.

Mlinzi alitengenezwa kwa ajili ya watu kama hao. Ni bakteria wa tumboni aliyefumwa upya maabara, akafundishwa kazi mbili: kuila chumvi iliyozidi kabla haijaingia kwenye damu, na kutoa kemikali inayolegeza mishipa. Alikuja kama unga ndani ya pakiti, unakorogwa kwenye kikombe cha mtindi, basi. Waliomfuma waliapa kwamba nje ya tumbo la mtu haishi hata kutwa. Nusu ya nyumba za Mwinuko zilipata pakiti zenye Mlinzi, nusu zikapata pakiti za unga wa maziwa tu, na nani amepata nini iliamuliwa kwa kura ya mashine. Subilaga mwenyewe hakujua. Pazia hilo ndilo linalomzuia daktari kuona anachotamani kukiona, na kwa sababu hiyo hawakuruhusiwa kumpima mtu yeyote tumbo mpaka jaribio liishe.

Wachache walikataa kujiunga. Wa kwanza wao, na kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni, alikuwa Bibi Tupokigwe, mama mkwe wake Subilaga.

*

Siku iliyofuata Subilaga aliitwa nyumbani kwa mama mkwe. Sekela, bibi harusi wa juzijuzi, alikuwa anarudisha maziwa, na mkwe asiyehudhuria kurudisha ni mkwe wa kusemwa mpaka kwenye mazishi yake.

Desturi hii ilizaliwa mwaka wa kwanza wa mlima. Ng'ombe walikufa kwa baridi, vibuyu vilipasuka njiani, na mbegu pekee ya mtindi iliyosalia ilikuwa kwenye kibuyu cha Tupokigwe, aliyekibeba kifuani ndani ya khanga kama mtoto. Wanawake wote walikuja kuomba kwake. Tangu hapo kila bibi harusi wa Mwinuko huchukua mbegu kwenye kibuyu kile, na maziwa yake ya kwanza yakiganda huyarudisha yalikotoka. Kila ng'ombe wake akizaa, anarudisha tena. Aliyetoa mbegu hunywa funda moja, humimina kidogo kwenye kibuyu chake, na waliohudhuria hupata kikombe kila mmoja.

"Shikamoo, mama," alisema Subilaga mlangoni.

"Marahaba, Mama Bupe. Umekuja! Nilidhani siku hizi mpaka tuugue ndiyo tukuone." Bibi Tupokigwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. "Kaa hapo. Usinipime."

"Sijaja na kifaa chochote, mama."

"Una macho. Yananipima."

Ni kweli yalikuwa yanampima. Bibi alikishika kibuyu kwa mkono wa kushoto, akakisukasuka taratibu. Kabla ya jaribio mkono ule ulikuwa hauwezi hata kubeba kijiko. Ulikufa ganzi asubuhi moja, ukarudi nusu, na Subilaga ndiye aliyekuwa anakuja kila Jumamosi kumsukia maziwa huku moyo wake ukijua kabisa kwamba kiharusi cha kwanza hupita kikiahidi cha pili. Halafu mkono ukapona polepole. Watu walisema ni maombi. Subilaga alifurahi bila kuuliza, na mtafiti anayefurahi bila kuuliza ana lake.

Sekela alipiga magoti akatoa kibuyu chake kipya. Bibi alikunywa funda, akafumba macho, akasema, "Umeganda. Umeolewa sasa," na wote wakacheka. Akamimina kidogo kwenye kibuyu chake. Vikombe vikazunguka. Mama mmoja mwenye tumbo bovu alionja tu, na kilichobaki hakukimwaga, maana Mwinuko maziwa hayamwagwi. Alikirudisha kibuyuni.

Subilaga aliyatazama maziwa yakirudi kwenye shingo ya kibuyu, akakiweka chini kikombe chake.

Kabla ya jaribio walikuwa wamechora ramani ya kijiji kizima. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: mnakula na nani? Nani mnachangia naye chungu? Walitaka wahakikishe nyumba ya Mlinzi hailishi nyumba ya maziwa matupu. Watu walijibu kwa uaminifu, na Subilaga, mke wa palepale, aliyapitia majibu yote akayapitisha. Hakuna hata mmoja aliyetaja maziwa ya kurudisha. Wangeyatajaje? Kurudisha si kula. Kurudisha ni salamu, na hakuna anayeulizwa anakula na nani akataja watu aliowasalimia. Subilaga mwenyewe alipiga magoti pale pale alipopiga Sekela, na halikumjia akilini.

Watu walikuwa wanakoroga unga kikombeni, wanakunywa, masalia wanayarudisha kibuyuni. Vibuyu vilikuwa vinarudi kwa Tupokigwe. Kwa Tupokigwe vilikuwa vinatoka kwenda kila nyumba. Waliomfuma Mlinzi walimjaribu kwenye maji, kwenye udongo, kwenye jua. Nani kati yao angewaza giza la kibuyu kilichofukizwa moshi, chenye mtindi usiokwisha kamwe kwa sababu kila siku unaongezewa maziwa mapya?

Mfukoni mwa koti aligusa kijiti kimoja alichokisahau humo, kile cha kukagulia meza za zahanati pakiti ikimwagika. Kikikutana na Mlinzi kinageuka buluu. Kibuyu cha mama kilikuwa kwenye kigoda, mkono mmoja tu kutoka alipokaa, na Bibi alikuwa ametoka kumsindikiza mgeni. Angeweza kukichovya, asijue mtu.

Mkono ulikwenda, ukasimama juu ya mdomo wa kibuyu. Mwenye kibuyu alikwishasema hapana mbele ya kijiji kizima. Subilaga aliurudisha mkono. Lakini kikombe alichomiminiwa kilikuwa chake, na mgeni ana hiari na kikombe chake.

Alichovya kijiti humo. Kikageuka buluu, iliyoiva.

*

"Basi anafanya kazi!" Profesa Rwegoshora alisimama mpaka nusu ya kichwa chake ikatoka nje ya picha. "Mistari haikuachana kwa sababu wote wanaye! Daktari, umeliokoa jaribio. Pima washiriki wa maziwa matupu, wote. Nitaomba ruhusa ya kufunua pazia leo hii."

"Na waliokataa, Profesa?"

Alikaa. "Wamefanyaje?"

"Wanaye. Mama mkwe wangu alikataa, na kibuyu chake ndicho chimbuko."

"Waliokataa hawamo kwenye jaribio. Hatuna ruhusa ya kuwapima. Tusipowapima hatujui, na tusichokijua hatuna haja ya kukisema."

"Mimi najua."

"Unajua kikombe chako." Profesa aliishusha sauti. "Nisikilize, mwanangu. Hebu tuweke vyeo pembeni. Ukimwambia, atafanyaje?"

"Ataomba kifutio." Kilikuwepo kidonge cha kumwondoa Mlinzi, kilichotengenezwa pamoja naye, kwa ajili ya mshiriki aliyebadili nia. "Namfahamu. Ataomba papo hapo."

"Na akifutwa?"

 Subilaga alikuwa anauona mkono wa kushoto wa mama.

"Mama yangu alianguka akikoroga uji," alisema Profesa. "Aliishi miaka saba kitandani akinitazama kwa jicho moja. Kama ningekuwa na Mlinzi wakati ule, ningemtia kwenye uji, na siri hiyo ningezikwa nayo. Wewe Mungu amekufanyia bila mkono wako kugusa. Usimwamshe aliyelala. Ukimwamsha utalala wewe."

Maneno yale yalimwingia Subilaga kwa sababu yalikuwa ya upendo. Angekuwa anatishwa angejua la kufanya. Alimshukuru, akaufunga ukuta, akakaa akiwatazama paka waliolala vitandani. Alimpenda yule mama. Alipofika Mwinuko bibi harusi asiyejua hata kukamua, ni Tupokigwe aliyemfundisha, akimtukana kwa utani mpaka akaweza. Alitaka aishi. Alitaka hivyo kuliko alivyotaka kuwa mkweli, na kuligundua hilo kulimtisha.

*

Alimkuta mama mkwe jikoni mchana wa Alhamisi, akikisugua kibuyu kwa mkaa.

"Mama, nina neno."

"Basi ni baya. Neno zuri mtu halitangazi, analisema tu."

Subilaga alikaa kwenye kigoda akasema yote: pakiti, masalia ya vikombe, kurudisha, kijiti. Hakuficha hata kwamba mkono wake ulifika kwenye mdomo wa kibuyu kabla ya kurudi. Bibi aliendelea kusugua. Alipomaliza kusugua alikisuuza kibuyu, akakisimamisha, akajifuta mikono.

"Kwa hiyo wamo humu," alisema, akijigusa tumbo.

"Wamo, mama. Nadhani tangu mwaka juzi."

"Na huu?" Aliunyanyua mkono wa kushoto, akafungua na kufunga vidole.

"Nadhani ni wao."

"Mimi nilidhani ni Mungu."

"Huenda ni wote."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

Alikuwa amekasirika kweli. Subilaga, ambaye alikuwa amezoea kumwona akifoka, hakujua la kufanya na hasira isiyokuwa na kelele.

"Unajua kwa nini nilikataa?" alisema Bibi hatimaye. "Mnadhani ni ujinga wa bibi mzee. Kule kambini walikuwa wanatupanga mstari. Nyoosha mkono, chomwa, pita. Meza hiki, pita. Hatukuambiwa ni nini wala hatukuulizwa. Sisemi zilitudhuru, mwanangu, labda ndizo zilizotufikisha huku. Halafu ukaja wewe na mkutano wako. Ukasema, una hiari ya kukubali na una hiari ya kukataa. Nikajiambia, hebu nilijaribu hilo neno. Nikasema hapana. Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema asante, mama."

"Ukasema asante mama, ukaenda kwa anayefuata. Hukunisukuma. Kijiji kizima kimeona Tupokigwe amesema hapana na hapana yake imekaa. Nilirudi nyumbani nikala ugali mkubwa." Machozi yalimlengalenga. "Kumbe wamenizunguka, wakaingia kupitia maziwa yangu mwenyewe."

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyepaswa kuwaza kurudisha."

"Wote tulipaswa."

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Subilaga kwa sauti ndogo. "Na kweli umepona."

"Mgeni *njoo*. Kuna aliyemwita, unaona? Haisemi mgeni pita dirishani." Bibi alivuta kamasi, akakaa vizuri. "Huyu Mlinzi anafutika?"

Hilo ndilo swali Subilaga alilokuwa analiogopa. "Anafutika. Ni vidonge. Lakini mama, nakuomba. Mkono unaweza kurudi ulivyokuwa. Na safari nyingine huenda isiwe mkono tu. Kaa naye. Ameshakuwa wako."

"Unaniomba kama daktari au kama mkwe?"

"Kama mkwe. Kama daktari sina ruhusa ya kukuomba."

"Basi mkwe nimemsikia." Alikigeukia kibuyu. "Nani wamekunywa kwenye kibuyu changu?"

"Karibu kijiji kizima."

"Basi mimi ndiye niliyewapelekea."

"Hukujua, mama."

"Hata nyinyi hamkujua. Kutojua kwenu kumenirudishia hapana yangu?" Alisimama, akatafuta khanga ya kujitanda. "Twende. Kwanza tukawaambie wengine. Langu nitalisema mwisho."

*

Siku ya Ijumaa Subilaga alisema kila kitu mbele ya kamati, waliokataa pamoja na waliokubali. Kulikuwa na ghadhabu, kisha maswali, kisha mjadala mrefu wa watu wazima waliokuwa na hofu. Hawakulifunga jaribio, na hawakuliacha liendelee. Waliamuru kila aliyefikiwa na Mlinzi aambiwe, na anayetaka kufutwa afutwe. Jaribio jipya lingeanzia vijiji vya ng'ambo ya bonde, ambako Mlinzi hajafika, na safari hii kura ingepigwa kwa vibuyu badala ya nyumba: wote wenye mbegu moja ya mtindi wangepata pakiti za aina moja. Mtu wa Mwinuko aliyejifuta angeruhusiwa kujiunga nao akitaka. Profesa Rwegoshora hakumlaumu. Alisema tu, "Utanipa habari za mama yako."

Habari za Mlinzi ziliwafikia watu kila mmoja kwa namna yake, na Bibi Tupokigwe alikuwapo kwenye kila mlango. Alipiga hodi kwa sauti, akangoja aambiwe karibu, ndipo akaingia, hata kwa watoto wake wa kuwazaa. Sekela alishika mashavu akasema kama ni yeye, bora abaki naye. Mzee Kibona, aliyekataa naye pale mkutanoni, alidai kidonge kabla hajaambiwa sentensi ya pili. Wengi walicheka, wakauliza kama anazuia na kipara, wakabaki naye.

Siku ya mwisho, walipokuwa wanapanda kutoka nyumba za chini, Bibi alisimama kupumua.

"Hao wa maziwa matupu," alisema. "Hao wa ng'ambo watakaoangukiwa na kura mbaya. Wao wanapata nini?"

"Tunawapima, tunawatibu wakiugua. Lakini kinga hawapati, mama."

"Sasa wa nini?"

"Bila wao hatuwezi kujua. Hapa kwetu wote tulipata, na umeona, nusura Mlinzi atupwe kwa sababu hakuna aliyekosa. Milima yote inayomngoja ingemkosa. Lazima wawepo wa kukosa, ndiyo wengine waamini."

"Na wanajua?"

"Wanajua kwamba huenda wakakosa. Nani amekosa, hajui mtu."

Bibi aliguna, akaendelea kupanda.

Siku ile ile jioni, nyumba zote zikiwa zimekwisha, alikaa sebuleni kwake akamwambia Subilaga amuulize. Subilaga aliuliza. Bibi alisema anataka kufutwa. Subilaga alimpa vidonge kwa mkono wake mwenyewe na maji ya kumezea, kisha akatoka nyuma ya nyumba akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Kile kibuyu Bibi alikichemshia maji, akakitundika ukutani mdomo ukiwa chini. Alipewa mbegu mpya ya mtindi iliyoletwa kutoka mbali, akagandisha maziwa ya ng'ombe wake peke yake. Wanawake walirudisha maziwa kwa dada yake, aliyebaki na Mlinzi. Siku za kurudisha alikuwa anakaa kibarazani akisikia vicheko vya huko, na alisema wazi kwamba inamuuma.

Mwezi ulipokwisha, mkono wa kushoto ulianza kudondosha vitu.

*

Siku ya kuandikisha jaribio jipya watu wa ng'ambo walivuka bonde wakiwa wamevaa vizuri. Subilaga alikuwa mezani, mashine ya kura pembeni yake, akiuliza yale yale kwa kila mtu, mpaka aliponyanyua macho na kumkuta Bibi Tupokigwe amesimama kwenye mstari kama wengine, khanga mpya kiunoni.

"Mama! Umefuata nini?"

"Nimefuata foleni. Niulize."

Subilaga aliinuka, akamvuta pembeni, akanong'ona. "Mama, kama umebadili nia, huna haja ya hili. Sekela anaye. Nenda kanywe kikombe kimoja kwake leo, na kesho unaye. Hapa ni kura. Ukikosa, umekosa, na mkono wako..."

"Mkono wangu naujua."

"Sasa kwa nini?"

"Si ulisema lazima wawepo wa kukosa? Kwa nini wawe wa ng'ambo tu? Sisi tumeshapona, tena kwa bahati." Alimtazama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. "Na kwa Sekela hakuna anayeniuliza. Rudi kwenye kiti chako, Mama Bupe. Watu wanangoja."

Subilaga alirudi kwenye kiti. Alimsomea yote, neno kwa neno, kama anavyosomewa mgeni asiyemjua.

"Unaelewa kwamba pakiti utakayopata huenda ina Mlinzi, na huenda ni maziwa matupu?"

"Naelewa."

"Unaelewa kwamba hakuna atakayejua, hata mimi, mpaka mwisho?"

"Naelewa."

"Unaelewa kwamba una hiari ya kukataa?"

"Hilo rudia."

"Una hiari ya kukataa, mama. Ukikataa hakuna atakayekulaumu, na nitakuambia asante."

Bibi Tupokigwe alilisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayeonja mtindi kujua kama umeganda.

"Nimekubali," alisema.

Mashine ikatoa pakiti nyeupe, sawasawa na nyingine zote. Subilaga aliufungua mtindi ambao mama alikuja nao, akamimina kikombeni, akakoroga unga. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja haukutosha tena. Hakunywa mara moja. Aliinama, akachungulia ndani ya kikombe, akasema taratibu, kama anavyojibiwa mtu aliyebisha mlangoni:

"Karibu. Kama upo."

Akanywa mpaka tone la mwisho, asibakize cha kurudisha.